Mkaa ukiisha jikoni unakuwa umeenda wapi? Tuongee kuhusu maada na nishati

Juzi jioni nilikuwa kwa dada yangu hapa Katonga, Kigoma, jiko la mkaa liko nje, maharage ya mawese yanachemka taratibu, mpwa wangu ambaye yuko fomu tuu amechuchumaa pembeni anachokoachokoa majivu kwa kijiti. Akaniuliza, mjomba, hapa tumeweka mkaa karibu kilo nzima, yamebaki majivu hata kiganja hayajazi, sasa mkaa wenyewe umeenda wapi? Nikamrudishia swali, wewe unaonaje? Akajibu bila hata kufikiria: umegeuka nishati mjomba, si ndo ile E=mc², nimeiona YouTube.

Sikumjibu pale pale. Lile jibu lake nimekaa nalo siku kadhaa, kwa sababu ndo jibu la watu wengi sana, hata watu wazima wenye vyeti vyao, na mimi mwenyewe nilitembea nalo miaka mpaka siku nilipokaa chini nikapiga hesabu. Lina ukweli ndani yake ila ukweli wenyewe haukai pale watu wanapouweka, na ukiuweka mahali pake ndo unaona jambo hili lilivyo kubwa.

Tuanze na mkaa wa dada. Mkaa ule haujageuka nishati. Mkaa karibu wote ni kaboni, na ukiuwasha kila atomu ya kaboni inashikana na oksijeni mbili kutoka hewani, inatoka hewa ukaa, inapaa, huioni. Kilo moja ya mkaa inatoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ukaa, yaani kile kilichopaa ni kizito kuliko kile ulichonunua, maana kimebeba na oksijeni yake. Ungeweza kulifunga jiko zima pamoja na hewa yake ndani ya chupa moja kubwa isiyovuja, ukaiweka kwenye mzani kabla na baada, mshale usingesogea. Mfaransa Antoine Lavoisier alikuwa anapima mambo ya namna hii kwenye miaka ya 1770 na 1780, ndo kemia ikapata msingi wake kwamba vitu vikiungua havipotei, vinabadilishana washirika tu. (Na kwa kuwa nimeitaja hewa, naomba niseme na hili: usilale na jiko la mkaa ndani umefunga madirisha. Oksijeni ikipungua inatoka hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi na inaua mtu akiwa usingizini.)

Kwa hiyo joto limetoka wapi kama hakuna kilichopotea? Limetoka kwenye mpangilio. Fikiria jiwe liko juu kwenye miteremko yetu hii ya Kigoma inayoshuka ziwani, likiporomoka linagonga, linapiga kelele, linavunja vitu njiani, na lenyewe likifika chini bado ni jiwe lile lile. Kaboni na oksijeni zikiwa mbalimbali ni kama jiwe la juu, zikishikana ni kama limefika chini, na ile tofauti ndo inayochemsha maharage.

Sasa hapa ndo mwanafizikia Einstein anaingia, mwaka 1905, na ile E=mc² yake, yaani nishati (E) ni uzito wa kitu (m) ukizidishwa kwa c², namba nitakayoieleza mbele, na naomba usome taratibu. Nimesema mshale wa mzani hausogei. Kwa mzani wa dukani ni kweli, na kwa mzani wa Lavoisier ni kweli, ila kama ungekuwa na mzani mkali kupita yote duniani, na ukaiacha ile chupa ipoe mpaka joto lote litoke, ungekuta imepungua. Kilo moja ya mkaa inatoa juli (kipimo cha nishati) kama milioni 30, na hizo juli zikiondoka zinaondoka na uzito mdogo mno: gawanya gramu moja vipande milioni, chukua kimoja, ni kama theluthi ya hicho. Kidogo hivo. Lakini kimepungua nini? Sio atomu. Ukihesabu atomu zote moja moja, na protoni na nyutroni na elektroni zote, idadi ni ile ile, hakuna hata moja iliyokosekana. Kilichopungua ni uzito wa ule mkusanyiko, kwa sababu ukiwa umeshikana una nishati ndogo kuliko ulipokuwa mbalimbali, na nishati ina uzito.

Rudia hiyo: nishati ina uzito. Lita moja ya maji ukiitoa baridi ya kawaida ukaichemsha mpaka inatokota, bila kuacha mvuke utoke, imeongezeka nanogramu tatu na nusu hivi, yaani gramu moja ukiigawa vipande bilioni, ni vipande vitatu na nusu. Simu yako ikijaa chaji ni nzito kuliko ilivyokuwa imeisha, ingawa ni kwa chini ya kipande kimoja cha hivyo. Hakuna elektroni iliyoongezwa kwenye simu, watu wengi wanadhani kuchaji ni kujaza elektroni kama unavyojaza maji kwenye ndoo, hapana, ziko zile zile zimepangwa upya.

Kinachowachanganya watu ni kwamba tunatumia maneno mawili kama ni moja. Maada ni vitu vyenyewe, elektroni, protoni, kokoto, dagaa, wewe. Masi, au tungamo kama vitabu vya shule vinavyosema, ni kipimo, ni namba ya hicho kitu. Na nishati nayo ni namba, hujawahi kuona nishati imekaa peke yake kwenye sahani, siku zote ni nishati ya kitu fulani, ya mwendo, ya joto, ya mwanga. Ndo maana mimi ile sentensi ya "maada inageuka nishati" siipendi, inamfanya mtu aone kitu kinayeyuka kinakuwa moshi wa ajabu usio kitu.

Njoo Kibirizi siku boti za Kongo zimeingia uone wanaobadilisha hela. Pale kuna shilingi, kuna faranga za Kongo, kuna faranga za Burundi, kuna dola, zote zinapita mkononi. Ila thamani yenyewe hakuna anayeishika, unachoshika ni noti, na thamani ni ile hesabu inayobaki sawa noti zikibadilika. Nishati ni ile thamani. Mwendo ni noti mojawapo, joto ni noti, mwanga ni noti, na alichogundua Einstein ni kwamba hata masi ya kitu kilichotulia tuli bila kufanya chochote nayo ni noti, tena noti kubwa kuliko zote, na hakuna mtu aliyekuwa ameishtukia. Kilo moja inabadilishwa kwa juli 90,000,000,000,000,000. Hiyo ndo c² yenyewe, mwendo wa mwanga mita 299,792,458 kwa sekunde ukizidishwa mara wenyewe, sio kwamba kuna kitu kinakimbia mara mbili ya mwanga au nini, ni bei tu ya kubadilishia, na tofauti na za Kibirizi hii haipandi wala haishuki.

Chukua gramu moja, kama kipande kidogo cha dagaa mkavu. Ikibadilishwa yote inatoa yuniti za umeme milioni 25, hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi umesanifiwa kutoa megawati 49.5, sasa mitambo yote ikizunguka kwa nguvu zote usiku na mchana bila kupumzika, itachukua siku 21 kufikisha hizo yuniti. Gramu moja! Na bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na urani kama kilo 64, ila masi iliyoondoka kama nishati ilikuwa kama gramu 0.7. Mji mzima, watu makumi elfu, gramu 0.7. Kila nikifika hapo nasimama kidogo kabla sijaendelea.

Haya, kama gramu ya dagaa imebeba yote hayo, kwanini haitoki? Kwanini jiwe la ufukweni halilipuki tu lenyewe siku moja?

Kwa sababu hesabu ya nishati sio daftari pekee. Kuna daftari la chaji za umeme, chanya na hasi, lazima lisawazike. Kuna daftari la protoni na nyutroni, ukizijumlisha idadi yao kabla na baada lazima ilingane, na hadi leo hakuna jaribio lolote lililoona daftari hilo limevunjwa. Kwa hiyo protoni haiwezi kuamka tu ikawa mwanga, nishati ingeruhusu lakini daftari jingine linakataa. Ni kama una hela ya kutosha nauli ya boti ila huna hati ya kusafiria. Kinachowezekana ni kuzipanga upya protoni na nyutroni ndani ya viini vya atomu, na kwenye kupanga huko unakwangua kiasi kidogo. Urani ikipasuka unapata chini ya sehemu moja katika elfu ya masi yake. Haidrojeni ikiungana kuwa heliamu unapata sehemu saba katika elfu, kilo 1,000 zinaingia, kilo 993 zinatoka, zile saba ndo mwanga. Mkaa ukiulinganisha na hizo hata haupo kwenye orodha.

Aliyepima hili kwa mara ya kwanza waziwazi sio Einstein, ni John Cockcroft na Ernest Walton pale Cambridge mwaka 1932, walirusha protoni kwenye madini ya lithi, kiini kikapasuka vikatoka vipande viwili vya heliamu vinakimbia kwa kasi kubwa, wakajumlisha masi za mwanzo na za mwisho wakakuta pengo, wakapima mwendo wa vile vipande, pengo na mwendo vikalingana kwa ile bei ya c². Miaka 27 baada ya karatasi ya Einstein. Na ona tena, protoni na nyutroni zote zilikuwepo mpaka mwisho.

Jua linafanya hii kazi kwa kiwango ambacho kichwa kinagoma. Kila sekunde linapungua tani zaidi ya milioni 4, na limekuwa linafanya hivyo kwa miaka bilioni nne na nusu na bado limepoteza kama sehemu tatu tu katika elfu kumi za masi yake. Mwanga unaondoka kila upande, sehemu kubwa inaenda anga tupu, na ule unaoangukia dunia yetu nzima, bahari, majangwa, Kigoma, China, kote, ukiupima masi yake kwa sekunde moja ni kama kilo 2. Kilo mbili! Hapa Katonga asubuhi wavuvi wakirudi utaona dagaa wameanikwa kwenye chanja na kwenye mchanga, ufuko mzima unang'aa kama fedha, mchana wakikauka wanakuwa wepesi unaweza kubeba gunia begani. Maji yale yote yamekaushwa na kimgao kidogo mno cha hizo kilo mbili za kila sekunde, zilizotoka kwenye jua dakika nane na kidogo kabla hazijafika kwenye chanja.

Je kuna njia ya kubadilisha zote, asilimia mia? Ipo moja, inaitwa antimata. Mwaka 1928 mwanafizikia Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni na mlinganyo ukatoa jibu la ziada ambalo hakuna aliyeliomba, kwamba lazima kuwe na pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume. Mwaka 1932, mwaka ule ule wa Cambridge, Carl Anderson kule Marekani akauona kwenye picha za miale inayotoka angani, ukaitwa positroni. Positroni ikikutana na elektroni zote mbili zinaisha, kabisa, na mara nyingi zinatoka fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga mkali, zinakimbia kuelekea pande tofauti, kila moja na nishati ya kiloelektronivolti 511 (elektronivolti ni kipimo cha nishati cha vitu vidogo kama hivi, na kiloelektronivolti ni elfu moja ya hizo). Madaftari yote yamesawazika, chanya na hasi imekuwa sifuri, hakuna wa kukataa.

Na usidhani hiyo ni mambo ya maabara tu. Ndizi zinazoshuka Kasulu na Buhigwe zina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani ni ile aina ya 40 yenye mionzi, mara kadhaa kwa siku ndizi moja inatoa positroni, inakutana na elektroni hapo hapo ndani ya ndizi, zinaisha. Haina madhara yoyote, na mwili wako una potasiamu ile ile kwa hiyo unafanya hivyo hivyo muda huu unaosoma. Kwenye hospitali zenye kipimo cha PET mgonjwa anachomwa sukari iliyofungwa na florini ya 18, aina ya florini yenye mionzi, uvimbe wa saratani unaila ile sukari kwa pupa, positroni zinatoka, fotoni pacha zinakimbia pande mbili, mashine iliyomzunguka mgonjwa inazidaka zote mbili na kuchora mstari kati yao. Mistari ikiwa mingi inakutana palipo na ugonjwa. Maada inaisha ndani ya mtu na picha inatokea kwenye skrini.

Sasa kurudi, nishati kuwa maada, hapo ndo mpwa wangu alinibana kweli. Akasema mjomba, si mti unafanya hivyo, unachukua mwanga unakuwa mbao? Hapana. Mti unachukua kaboni kutoka hewa ukaa na maji kutoka ardhini, mwanga unalipia kazi ya kuzipanga tu, ule mti wote mrefu wa miombo uliotoa mkaa wa dada umejengwa na hewa na maji. Mwanga ni fundi anayelipwa, sio tofali.

Kutengeneza maada mpya kabisa inabidi fotoni moja iwe na nishati ya kulipia elektroni na positroni yake kwa pamoja, moja peke yake haitoki kwa sababu ya daftari la chaji, kwa hiyo bei ni mara mbili, kiloelektronivolti 1,022, na lazima ipite karibu na kiini cha atomu cha kupokea msukumo. Fotoni moja ya taa za wavuvi unazoziona usiku zimetapakaa ziwani kama mji mwingine ina elektronivolti mbili hivi. Ingehitaji kuwa na nguvu mara laki tano zaidi. Na kuwa na taa nyingi hakusaidii, kama kitu kinauzwa kwa noti moja nzima na wewe una ndoo ya sarafu ambazo haziungani, utasimama dirishani mpaka jioni.

Lakini radi inaweza. Hili nililiposoma nilitoka nje nikaangalia ziwa. Desemba 14, 2009 setilaiti ya Marekani inayoitwa Fermi ilikuwa juu ya Misri, ikapigwa na chembe zilizotoka kwenye mvua ya radi iliyokuwa Zambia, kilomita kama 4,500 kusini, zimesafiri kwa kufuata njia ya usumaku wa dunia. Ndani yake kulikuwa na positroni, walizijua kwa ile alama ya 511. Yaani umeme wa wingu ulisukuma elektroni kwa kasi kali, elektroni zikatoa miale ya gama, yaani fotoni zenye nguvu kubwa sana, miale ikagonga hewa na kuzaa jozi za elektroni na positroni ambazo sekunde moja kabla hazikuwepo popote. Zambia ndo kule mwisho wa kusini wa ziwa letu hili, Mpulungu, meli ya Liemba ilikuwa inafika. Sisi tunaokaa huku radi tunazijua, zimetuulia watu na mifugo, na tumekuwa na maelezo yetu kuhusu nani amezituma. Mimi naona kinachotokea kweli ndani ya lile wingu ni kikubwa kuliko maelezo yote hayo.

Maabara nazo zimefika mbali. Brookhaven kule Marekani mwaka 2021 walitangaza jozi zaidi ya 6,000 zilizotokana na mwanga kugongana na mwanga, wametumia viini vya dhahabu vilivyopishana karibu na mwendo wa mwanga, jambo ambalo wanafizikia Breit na Wheeler walikuwa wamelikokotoa tangu 1934. Na CERN, maabara kubwa ya fizikia kule Ulaya, mwaka 2012, kwenye lile bomba la mviringo la kilomita 27, protoni mbili ziligongana ikatokea chembe ya Higgs ambayo ni nzito mara 130 na zaidi kuliko protoni moja. Bajaji mbili zimegongana limetoka fuso. Lile fuso halikuwa limejificha ndani ya bajaji, limetokana na mwendo wao, mwendo umekuwa masi.

Ila kama biashara haifai hata kidogo. CERN wenyewe wanasema antimata yote waliyowahi kutengeneza ukiikutanisha na maada kwa pamoja ingewasha balbu moja kwa dakika chache. Na kutengeneza gramu moja ya maada ya kawaida inabidi utengeneze na gramu ya antimata pembeni yake, hiyo ni yuniti milioni 50 kama usingepoteza hata moja, na mashine za sasa zinapoteza karibu zote.

Nimerudi kwa dada jana, nikamweleza mpwa wangu yote haya, akanisikiliza vizuri halafu akauliza, kwa hiyo mjomba mwili wangu ni maada tu, nishati ni ya chakula nilichokula? Nikamwambia shika mkono wako. Ana kilo 50 hivi. Karibu uzito wake wote uko kwenye protoni na nyutroni, na kila protoni ina chembe tatu ndogo zaidi ndani, zinaitwa kwaki, ambazo ukizipima zenyewe zinafika kama asilimia moja tu ya uzito wa protoni. Nusu kilo. Kilo zingine 49 na nusu ni nishati ya zile kwaki zinavyokimbia na ile kani inayozibana zisitoke, imefungiwa humo tangu kabla jua halijawaka.

Alikaa kimya, akawa anauminyaminya mkono wake na dole gumba.